Kivuli cha Bisibisi

Gereji yangu iko Kyuso, nyuma ya soko la mbuzi, na watu wa hapa huiita Airport. Wanaiita hivyo kwa kunicheka. Ukutani nimepigilia ubao mkubwa mweupe, na juu yake nimekichorea kila chombo changu cha kazi kivuli chake kwa rangi nyeusi: spana zote, nyundo, koleo, bisibisi kubwa kwa ndogo. Jioni kila chombo hurudi kulala juu ya kivuli chake. Kivuli kimoja kikibaki wazi, geti halifunguliwi, na gari nililotengeneza siku hiyo halitoki hata kama ni la chifu.

Nimegombana na wateja wengi kwa ajili ya sheria hii. Mwenye pikipiki mmoja aliniambia mbele ya watu kwamba jeshi lilinirudisha nyumbani likabaki na akili zangu. Nilimfukuza yeye na pikipiki yake. Baadaye nilicheka peke yangu, maana hakukosea sana.

Nilikuwa fundi wa ndege za kivita kwa miaka ishirini na miwili. Watu wakisikia ndege za kivita hutazama juu. Mimi kazi yangu ilikuwa chini, kupiga magoti kwenye saruji na kuingiza mkono ndani ya tumbo la ndege, mahali ambapo macho hayafiki, nikitafuta skrubu kwa ncha za vidole. Nimeruka na ndege ya kivita mara sifuri.

Ndege zetu zilikuwa kuukuu. Waliozitengeneza walikuwa wameacha kuzitengeneza nikiwa bado shule ya msingi, kwa hiyo spea, au vipuri kama wanavyosema wenye vitabu, zilikuwa adimu kama mvua ya kwetu. Tungengoja miezi, halafu kasha zima la mbao lifike kutoka ng'ambo, tulifungue kwa heshima, na ndani tukute pete moja ya mpira isiyozidi kifuniko cha soda, imefungwa kwa karatasi tatu na cheti chake pembeni. Kila kipuri kilivaa kadi: ya kijani ikiwa ni kizima, ya manjano ikiwa kinangoja kutengenezwa, nyekundu ikiwa kimekufa. Kipuri kisicho na kadi kilikuwa takataka hata kama kinang'aa. Na spea ikikosekana kabisa, tuliivua kutoka kwa ndege nyingine iliyosimama pembeni bila injini. Ndege ya namna hiyo tuliiita Mfadhili. Daima kulikuwa na Mfadhili mmoja kwenye kona ya banda, akizidi kukonda mwezi hadi mwezi.

Na kulikuwa na ubao wa vivuli. Kila chombo kilichongwa namba, na kazi ikiisha vyombo vilihesabiwa. Kimoja kikikosekana, mlango wa banda ulifungwa, aliyekuwa ndani akabaki ndani, mkatafuta mpaka kipatikane. Sababu yake mtoto anaweza kuielewa. Ndege ya kivita hujipindua angani ikawa tumbo juu, na chochote kilichosahauliwa ndani yake husafiri. Kikisafiri kikafika chini ya stiki, ule usukani ambao rubani hushika katikati ya magoti yake, kinaweza kuubana. Stiki ikibanwa, pua ya ndege haiinuki, na huko juu hakuna mahali pa kuegesha uite fundi.

Siku ninayotaka kuisema ilikuwa Ijumaa. Nilikuwa nimejikunja ndani ya chumba cha rubani, ninafunga kifuniko kwa bisibisi fupi, ile yenye mpini mnene unaojaa kiganjani. Simu zetu ziliachwa kwa mlinzi, basi habari za nyumbani zilipitia ofisini. Karani alikuja akasimama chini ya ngazi. Akasema kaka yangu amepiga simu kutoka Kyuso, kwamba mama amezidiwa, amekataa chakula, ananiita. Niliweka bisibisi ukingoni mwa kiti nikashuka nimsikie vizuri. Niliporudi juu nilimalizia kazi kwa bisibisi nyingine, na ile fupi sikuikumbuka tena. Kichwa changu kilikuwa kimeshafika Kyuso.

Saa kumi jioni tukahesabu vyombo. Kivuli cha bisibisi fupi kilikuwa wazi.

Mlango ukafungwa tukiwa watu sita. Tulipekua mifuko, tukamwaga ndoo za matambara, tukatambaa na kurunzi. Wenzangu walitafuta kila mahali, na mimi nilitafuta pamoja nao ingawa nilikuwa nimeshajua iko wapi. Ilikuwa imeteleza ukingoni mwa kiti ikaingia chini ya sakafu. Kufika huko lazima kiti kitolewe, na kiti cha ndege ya kivita kina baruti ya kumrusha rubani nje akipata ajali, hakiguswi ila na mafundi wake maalumu. Mafundi hao walikuwa wamekwenda mapumziko mpaka Jumatatu. Nikipiga hesabu ya siku, niliona tukifungiwa, tukihojiwa, na mama akizikwa bila mimi.

Sajini wetu alikuwa Mkamba mwenzangu, mtu wa Mwingi, nikadhani hilo litanisaidia. Nilimvuta kando nikamwambia, "Afande, mwaitu anakufa. Nipe ruhusa niende, mtanipekua mkitaka."

Aliniangalia kwa huruma, nakubali. Akasema, "Pole sana, kijana wa kwetu. Lakini hii mlango haijui mama ya mtu."

Hapo ndipo nilipokumbuka kile kipande cha chuma kwenye kabati langu. Mwaka uliotangulia, bisibisi fupi ya zamani ilikuwa imeliwa mdomo, ikaletwa mpya ikachongwa namba ileile. Ile ya zamani nilipewa mimi niivunje kwenye jiliwa na kuitupa. Sikuivunja. Mtu aliyekulia Kyuso hatupi chuma. Kwetu jembe likiisha linakuwa kisu, na kisu kikiisha kinakuwa sindano ya kushonea magunia. Niliitupa kabatini nikisema siku moja itanifaa, na kabati hilo lilikuwa mlemle bandani.

Niliomba kwenda kubadilisha betri ya kurunzi. Nilirudi na bisibisi ndani ya mkono wa ovaroli. Nikainama kwenye turubai la kufunikia ndege, lililokuwa limekunjwa chini, nikalikung'uta mara mbili, na mara ya tatu bisibisi ikaanguka kwenye saruji. Sauti ile bado naijua. Sajini aliiokota akasoma namba kwa sauti, kisha akapitisha kidole kwenye mdomo wake ulioliwa. Akasema ni yenyewe. Wenzangu walinipigapiga mgongoni, mmoja akaniambia Mungu wa mama yangu yuko macho. Mlango ukafunguliwa.

Nilifika Kyuso Jumamosi kabla ya saa sita. Mama alikuwa hai. Alikuwa mwepesi hata nilimbeba kwa mkono mmoja, nikamkalisha mlangoni aone shamba lake la ndengu lilivyozaa. Aliniuliza, "Mwana wakwa, wamekuruhusu?" Nikasema wameniruhusu. Akasema mkubwa wangu ni mtu mzuri na atamwombea, na kweli akafumba macho palepale akamwombea sajini. Alikunywa uji nilioupika mimi, vijiko vinne. Alifariki Jumapili alasiri, mkono wangu ukiwa chini ya kichwa chake.

Sijawahi kujutia zile siku mbili. Ningerudishwa pale bandani leo, ningefanya vilevile, na hilo ndilo lililonifunga. Mtu akijuta anaweza kutubu. Mimi nilikuwa na kosa ambalo nalipenda.

Niliporudi kambini baada ya mazishi, ndege ilikuwa imeshapaa mara nne. Ningeweza kusema wakati ule. Kila siku niliyonyamaza ilifanya siku ya kusema kuwa ngumu zaidi, maana swali la kwanza lingekuwa kwa nini sikusema jana. Ningefungwa, sajini angevuliwa cheo kwa kunifungulia, na watu wangejua kwamba mama yangu alifia mkononi mwangu kwa uongo. Basi nikaomba niwekwe kwenye ndege hiyohiyo kila siku. Wakubwa walisema nina bidii.

Rubani wake alikuwa meja mmoja, mtu wa Makueni, mrefu, anayecheka kabla ya kumaliza mzaha wake mwenyewe. Mabwana wengine wa juu walipanda ndege kana kwamba imejitengeneza yenyewe. Yeye alitusalimia kwa mkono mmoja mmoja, mikono yetu ikiwa na grisi, halafu kabla ya kukanyaga ngazi aligeuka kwangu.

"Fundi, iko sawa?"

"Iko sawa, Afande."

Nilisema hivyo, nikatia sahihi, nikaondoa ngazi. Kisha nilisimama kwenye jua nikitazama mpaka irudi. Siku za kuruka sikula kitu. Mke wangu, ambaye ni mzaliwa wa Kalamba, alidhani nina vidonda vya tumbo, akawa ananikorogea uji wa mtama na kunikataza pilipili. Nilikunywa uji ule kama dawa ya ugonjwa wa mtu mwingine. Miezi mitatu baadaye mafundi wa kiti waliking'oa kwa ukaguzi, nikajitolea kufagia chini yake. Niliingiza mkono mpaka bega. Sikugusa kitu. Ilikuwa imesafiri.

Meja aliendelea kuruka, akigeuka kwangu kila asubuhi na swali lake. Halafu, siku moja ambayo haikuwa na dalili yoyote, tukasikia ameomba kazi ya ofisini. Wengine walisema mgongo, wengine walisema mke. Alikuwa bado kijana kwa rubani. Nilifurahi, Mungu anisamehe. Nilikula sahani mbili za muthokoi siku ile, na mke wangu akasema uji wa mtama umefanya kazi.

Ndege yenyewe haikukaa sana baada ya yeye kuondoka. Kipuri kimoja cha injini kilikosekana dunia nzima, ikasukumwa kwenye kona, ikawa Mfadhili. Nikaomba kuhamia stoo ya spea, kwa sababu watu wa stoo ndio waliokuwa wakimvua Mfadhili. Nilimvua kwa miaka miwili. Kila kilichotoka nilikifuta, nikakiandikia, nikakivisha kadi yake: pampu hii kijani, bomba hili manjano. Wenzangu walichukua kilichoombwa wakaenda zao. Mimi nilifungua hata visivyoombwa, nikitafuta.

Niliipata Jumanne moja kabla ya chai. Ilikuwa nyuma ya ubavu wa chuma, shubiri chache kutoka chini ya stiki, imeng'ang'ania kwenye grisi iliyokauka. Niliifuta kwa shati. Kwenye shingo yake palikuwa na alama mbili zilizosuguliwa mpaka zikang'aa, moja huku na moja huku, na mpini ulikuwa umebonyea. Kitu kilikuwa kimeibana kwa nguvu kisha kikaiachilia. Nilikaa pale sakafuni nikiwa nimeishika. Halafu nikaitia ndani ya soksi, nikaenda kunywa chai. Sikumwambia mtu. Pacha wake alikuwa ubaoni, namba ileile, kivuli kimefunikwa.

Nilidhani yameisha hapo. Meja alikuwa hai, ndege haitaruka tena, na bisibisi ilikuwa kwangu. Nilistaafu, nikarudi Kyuso, nikafungua gereji. Kitu cha kwanza nilichofanya, hata kabla ya kupaua, ni kuchora vivuli. Mke wangu alishika kopo la rangi akiniangalia, akauliza hapa nani atakayeruka.

Lakini ukoo wa mke wangu uko Kalamba, na mtu hawezi kukwepa ukweni. Mara ya kwanza tulipokwenda baada ya kustaafu, tulipita kwenye shamba la michungwa lililopangwa mistari iliyonyooka kama gwaride. Mtu mrefu mwenye kofia ya majani alinyoosha mkono juu ya ua akaita, "Fundi!"

Alikuwa yule meja, amestaafu kabla yangu na kununua shamba pale, hatua mia tatu kutoka kwa wakwe zangu. Alinikumbatia. Aliita watu wake waje wanione. "Huyu ndiye alikuwa ananirudisha nyumbani," akawaambia. "Akisema iko sawa, iko sawa." Tulipoaga alinijazia gunia la machungwa, kwa sababu kwetu Ukambani mgeni haondoki mikono mitupu, akalibeba mwenyewe mpaka getini.

Ikawa hivyo kila tulipokwenda, mara tatu au nne kwa mwaka. Nilijaribu njia ya nyuma, akanifuata mpaka kwa wakwe. Nilijaribu kusingizia kazi, mke wangu akaniuliza ni lori gani la Kyuso linaloharibika kila Krismasi. Machungwa yenyewe nilishindwa kuyala. Nilimenya moja, harufu ikanijia, nikaona mkono wake kwenye ngazi. Nikawa nayagawa kwa majirani. Mke wangu akasema hajawahi kuona mtu anayeshindwa na chungwa la bure.

Miaka ikapita hivyo, na labda ningekufa nayo, kama si lori la mbuzi.

Mwenye lori ni jirani yangu sokoni, Mwislamu ambaye babu yake alikuja Kyuso na mifugo kutoka kaskazini mashariki. Anaongea Kikamba kuliko watoto wangu. Siku hiyo nilikuwa namtengenezea breki za mbele. Nilikuwa nakaza gurudumu la mwisho simu yake ilipolia. Alisikiliza, akakata, akaja mbio. Mke wake alikuwa amefikishwa hospitali Mwingi kujifungua, mtoto amekaa vibaya, wanampasua, wanataka damu, na ya mume ndiyo inayofanana na ya mke.

Nikamwambia asubiri dakika mbili nirudishe vyombo. Vyote vilirudi isipokuwa spana namba kumi na saba.

Nilitafuta chini ya lori. Nilipanda juu ya gurudumu, nikachungulia kwenye fremu, nikalala chali kwenye vumbi. Hapakuwa na kitu. Yeye alikuwa amesimama karibu na geti akifungua na kufunga mikono.

"Mzee, wallahi, fungua. Hiyo spana nitakununulia kumi."

"Shida si kununua. Ikiwa imebaki kwa breki, hutafika Mwingi."

"Nitaendesha pole pole. Mzee, ni bibi yangu."

Nikasikia mdomo wangu ukisema, "Hii geti haijui bibi ya mtu."

Aliniangalia. Sikutaka kusema maneno yale. Yalikuwa yamekaa ndani yangu muda wote huo, yakingoja mtu wa kuangukiwa. Hakubishana tena. Alikwenda kwenye kibanda cha lori lake, akainua kiti, akapekua kwenye vyuma vyake na kurudi na spana, namba kumi na saba, yenye kutu. Akaitundika kwenye ubao wangu. Ilikaa juu ya kivuli sawasawa.

"Basi imepatikana," akasema. "Ubao yako imejaa. Fungua."

Nilishika boneti ya lori. Nilikuwa nautazama ubao uliojaa, kila kivuli kimefunikwa, na nilijua vizuri ubao wa namna hiyo una thamani gani. Yule mtu hakuwa mwongo. Alikuwa anataka kumfikia mke wake, na nilikuwa nimemfungia mlango.

Nilifungua geti. Halafu nikazunguka lori nikapanda kiti cha abiria.

"Unaenda wapi, mzee?"

"Mwingi. Kama kuna kitu kimebaki kwa gurudumu, kitupate wote wawili. Twende, lakini usipite gia ya tatu."

Nilitoa kichwa dirishani njia nzima nikisikiliza gurudumu. Na nilipokuwa nimetoa kichwa vile, vumbi likiniingia mdomoni, nilifikiria kwamba ile ndege ilikuwa na kiti kimoja tu. Kisha nikajiambia ukweli, kwamba hata ingekuwa na viwili, nisingepanda. Nilikuwa na mama wa kumwahi.

Tulikuwa nusu ya njia mke wangu aliponipigia. "Baba watoto, ile spana yako iko huku jikoni. Nilikaza nayo mguu wa meza asubuhi."

"Mbona hukusema?"

"Ulikuwa unapiga kelele hapo nje. Nani angesema?"

Nilimweleza dereva. Alicheka mpaka akapunguza mwendo, kisha akajifuta macho kwa kikoi chake. "Sasa shuka basi, mzee, nikanyage mafuta."

"Kanyaga nikiwa humu," nikamwambia.

Tulifika. Alitoa damu, nami nikakaa kwenye benchi nje na viatu vyake mkononi, sijui kwa nini alinipa viatu. Mtoto alitoka wa kike, mzima, na mama yake akafumbua macho jioni. Yule baba alinishika mkono kwa mikono yake miwili akanishukuru. Nilimwambia asinishukuru, na nilisema kwa ukali, akashangaa.

Wiki hiyohiyo nilimwambia mke wangu twende Kalamba. Alifurahi, kwa kuwa mara ya kwanza maishani mimi ndiye niliyeitaja safari hiyo. Nilimwacha kwao nikaenda kwa miguu mpaka kwenye michungwa, bisibisi ikiwa mfukoni.

Meja alikuwa barazani. Chini ya kila mti machungwa yalikuwa yameanguka mengi hata njia ilikuwa ya kuruka. Alianza mzaha wake na kicheko chake. Nikamwambia, "Afande, nisikilize kwanza," nikaiweka bisibisi juu ya meza.

Nilimwambia yote. Nilimwambia ya karani, ya kabati, ya turubai, ya kiti kilichotolewa na mkono wangu uliorudi mtupu. Nilimwambia kila asubuhi aliyoniuliza na kila asubuhi niliyomjibu. Hakunikatiza. Aliinua ile bisibisi akaigeuza karibu na macho, akaweka ukucha wa kidole gumba kwenye alama moja inayong'aa, kisha kwenye ya pili.

"Mama ulimkuta?" akauliza.

"Nilimkuta, Afande. Siku mbili."

Akatikisa kichwa kukubali. Aliposema, alikuwa anaiambia bisibisi.

"Kuna siku nilikuwa narudi kutua, stiki ikakataa. Nikavuta na mikono mbili. Ikakataa, halafu ikaachilia. Nikatua." Alipumua. "Nilijua ni mkono yangu. Sikuandika kwa ripoti, kwa sababu rubani akisema mkono imemkataa hapewi ndege tena. Niliruka miezi tano nikiogopa mkono yangu mwenyewe. Kwa meza nikishika kikombe, naiangalia kama itatetemeka. Halafu nikaomba ofisi."

Miaka yote hiyo nilikuwa nimeogopa kumuua, na nilipomwona hai kwenye michungwa yake nilijihesabia kwamba hakupoteza kitu.

"Nilikuwa na miaka thelathini na nne, fundi. Kuruka ndio kitu nilijua." Akanyoosha mkono wake wa kulia juu ya meza, kiganja chini, vidole vimetengana, akautazama. Ulikuwa umetulia kabisa. "Nimekaa miaka hii yote nikiambia watu nilichoka."

Alitia bisibisi kwenye mfuko wa shati akafunga kifungo. Aliinuka, nikainuka. Alinisindikiza mpaka getini kama mtu anavyopaswa kumsindikiza mgeni, akitembea mbele, akisogeza machungwa kwa mguu. Getini nilisimama. Nilitaka kumuuliza swali lake mwenyewe, kama iko sawa, lakini sikuwa na haki ya kuliuliza. Alinifungulia, nikatoka, akafunga.

Mke wangu aliniona nikija kutoka mbali. Alinitazama mikono, akauliza kama msimu wa machungwa umeisha. Nikamwambia hapana, yamejaa chini ya miti.